Mtoto njiti na kirutubisho cha maziwa ya binadamu: tuagize kutoka Marekani?

SWALI: Shikamoo daktari. Nimejifungua binti wiki ya 29 hapa Tanga, akiwa na gramu 1,150. Leo ana siku 9, yuko wodi ya njiti na anapewa maziwa yangu ya kukamua kwa mpira wa puani. Nesi anasema maziwa yakifika kiasi fulani wataangalia kama wamwongezee kirutubisho ili uzito upande, ila kimetokana na maziwa ya ng'ombe. Dada yangu yuko Houston, anasema huko njiti wanapewa kirutubisho kilichotengenezwa kwa maziwa ya wanawake kwa sababu cha ng'ombe kinaozesha utumbo. Yuko tayari kuchangisha ndugu anitumie. Mama mkwe naye anauliza: maziwa ya wanawake tusiowajua, mtoto atakuwa ndugu wa nani? Na jirani ananiambia maziwa yangu machache, ninunue tu ya kopo. Nimechanganyikiwa. (Mama wa Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa binti. Usiagize. Mwambie dada yako azishike hizo fedha kwanza, nitamtafutia matumizi mwishoni mwa barua hii. Na kopo la jirani liache dukani.

Ugonjwa anaouogopa dada yako upo kweli. Madaktari huuita kwa kifupi NEC. Sehemu ya utumbo huvimba, damu haifiki vya kutosha, kisha nyama ya utumbo hufa. Kwenye picha ya eksirei huonekana vipovu vya hewa vimejipanga ndani ya ukuta wa utumbo, mahali ambapo hewa haina kazi yoyote. Huwapata zaidi watoto waliozaliwa chini ya gramu 1,500, takriban 5 hadi 10 katika kila 100 wao, na kati ya wanaougua kama robo hufariki. Wengine hupona baada ya kukatwa kipande cha utumbo, wakabaki na shida ya kufyonza chakula miaka mingi.

Tena una hila. Hauji siku zile za kwanza ambazo kila mtu amekaa macho. Kwa mtoto wa wiki 29 mara nyingi hujitokeza wiki ya pili, ya tatu au ya nne, wakati oksijeni imeshatolewa, maziwa yanaongezwa kila siku, na ndugu wameanza kuulizia siku ya kutoka. Kwa hiyo binti yako mwenye siku 9 ndiyo kwanza anaingia kwenye kipindi chenyewe, na hii ndiyo sababu swali lako nimelitoa mbele ya mengine.

Kwa nini utumbo wa njiti? Mtoto akiwa tumboni humeza maji ya uzazi kila siku, na maji hayo yana vichocheo vinavyokuza utumbo. Akitoka wiki ya 29, kazi hiyo hukatika katikati. Ute unaofunika utumbo bado ni mwembamba, mwendo wa chakula ni wa kusuasua, na kinga ya humo ndani haijajifunza kiasi. Ikikutana na bakteria wa wodini hutaharuki na kuwasha moto unaounguza nyumba yenyewe. Mishipa ya damu hubana, na hapo ndipo nyama inapoanza kufa.

Maziwa yako yanaingia hapo kama mwendelezo wa yale maji ya uzazi. Yana vichocheo vya ukuaji. Yana kingamwili zinazopaka utumbo, na dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, ndiyo yamejaa zaidi. Yana laktoferini, protini inayowanyima bakteria madini ya chuma. Na yana sukari za aina yake, zaidi ya 150, ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Utauliza, sasa za nini? Ni chakula cha bakteria wema aina ya bifido, na nyingine huwazuia wabaya kushika ukuta wa utumbo. Moja ya sukari hizo, ambayo watafiti huiita DSLNT, imechunguzwa sana: katika tafiti zaidi ya moja, akina mama ambao watoto wao waliugua NEC walikuwa na kiwango kidogo cha sukari hiyo kwenye maziwa yao. Usikimbilie kujilaumu kwa hilo, hakuna mama anayechagua sukari za maziwa yake, wala hapa kwetu hakuna anayezipima.

Ushahidi si wa jana. Mwaka 1990 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza wa njiti 926: waliolishwa maziwa ya kopo peke yake waliugua NEC mara 6 hadi 10 zaidi ya waliolishwa maziwa ya mama peke yake. Karibuni zaidi, mwaka 2024, Wamarekani walitoa matokeo ya watoto 483 ambao mama zao hawakuwa na maziwa ya kutosha. Nusu walijaziwa kwa maziwa ya wanawake wachangiaji, nusu kwa kopo maalumu la njiti. NEC ilikuwa asilimia 4.2 kwa wale wa kwanza na 9.0 kwa wale wa kopo. Wa kopo waliongezeka uzito haraka zaidi, na ndiyo maana kopo lina watetezi. Jirani yako naye labda ameona mtoto aliyenenepa. Lakini kwa binti wa gramu 1,150 mwenye mama anayekamua, siwezi kumnunulia gramu hizo kwa bei ya utumbo wake.

Niwe mwadilifu hapa. Oktoba 2024 mamlaka tatu za afya za Marekani zilitoa tamko la pamoja kwamba hakuna uthibitisho kamili kuwa maziwa ya kopo ya njiti ndiyo yanayosababisha NEC. Kilicho na ushahidi mzito ni kwamba maziwa ya binadamu yanakinga. Tofauti hiyo ina maana kwa mama ambaye maziwa yamegoma kabisa na wodi haina njia nyingine. Huyo asiambiwe amempa mwanawe sumu. Wewe haupo huko.

Sasa kirutubisho. Nesi wako hajakosea, na hesabu yake ni rahisi. Maziwa ya mama yaliyokwisha kukomaa yana protini kama gramu 1.2 katika mililita 100. Njiti akinywa mililita 180 kwa kila kilo ya uzito wake, ambacho ni kiasi kikubwa kwa tumbo lile, anapata gramu 2.2 kwa kilo kwa siku. Anahitaji gramu 3.5 hadi 4. Kalsiamu na fosforasi ndiyo pengo kubwa zaidi, kwa sababu madini ya mifupa huhamia kwa mtoto kwa wingi katika miezi 3 ya mwisho ya mimba, na yeye miezi hiyo ameikosa. Maziwa yako ya wiki hizi za mwanzo yana protini nyingi kuliko ya mama aliyejifungua miezi 9 kamili, lakini hupungua wiki zikisonga. Kirutubisho ni nyongeza ya protini, nishati na madini inayochanganywa ndani ya maziwa yako. Kazi yake ya kwanza ni kukuza mwili na mifupa. Shirika la Afya Duniani (WHO), kwenye mwongozo wake wa 2022, halisemi kila njiti apewe. Linasema kinaweza kufikiriwa kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya kilo 1.5 wanaolishwa maziwa ya binadamu. Binti yako anaingia humo.

Virutubisho vingi hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe. Kile alichokisikia dada yako hukusanywa kutoka kwa wachangiaji wengi. Maziwa huchanganywa pamoja, hupashwa joto kuua vijidudu, hupunguzwa maji hadi yawe mazito, kisha huongezewa madini. Kampuni iliyokitangulia ni Prolacta ya California, na mwaka 2010 ulitoka utafiti uliokipa jina: watoto 207 wa gramu 500 hadi 1,250, ambamo waliolishwa vitu vya binadamu vitupu waliugua NEC kidogo kuliko wenzao. Hapo ndipo maneno ya Houston yalipoanzia.

Lakini angalia wenzao walikuwa wakila nini. Walipewa kirutubisho cha ng'ombe, na maziwa ya mama yakipungua walijaziwa maziwa ya kopo. Yalibadilishwa mambo mawili kwa pamoja, halafu sifa ikapewa kirutubisho. Swali lako wewe, mwenye maziwa, halikujibiwa.

Lilijibiwa baadaye. Toronto, mwaka 2018, watoto 127 wote walilishwa maziwa ya mama zao au ya wachangiaji, bila kopo, kikabadilishwa kirutubisho tu. Hapakuwa na tofauti katika jinsi tumbo lilivyopokea chakula. Watoto 127 ni wachache kwa kuupima ugonjwa kama NEC, kwa hiyo wengi tulisubiri Waswidi. Wao walichukua wadogo zaidi, waliozaliwa wiki ya 22 hadi 27, zaidi ya 220, na mwaka 2024 wakatoa hesabu: waliougua NEC, au kupata maambukizi ya damu, au kufariki, walikuwa asilimia 35.7 kwa kirutubisho cha binadamu na 34.5 kwa cha ng'ombe. Hiyo si tofauti. Watoto wale wana hatari kuliko wa kwako kwa mbali, na kama kirutubisho cha binadamu kingekuwa na miujiza, pale ndipo kingeionyesha.

Mimi naisoma hivi: ulinzi umo kwenye maziwa yenyewe, hasa yako mabichi, na kwenye kuepuka kopo. Ukishafanya hayo mawili, kilichobaki kwa kirutubisho ghali ni kidogo mno kupimika. Zipo hospitali Marekani zinazoendelea kukitumia na wataalamu ninaowaheshimu wanaokitetea. Wana bajeti na bima, na wana watoto wa gramu 500. Sishindani nao.

Kuna jambo ambalo tangazo halilisemi kwa sauti. Kirutubisho cha binadamu cha majimaji huchukua nafasi. Kwa mchanganyiko wa kawaida, katika kila mililita 100 za mlo, 20 ni kirutubisho na 80 ni maziwa yako. Kwa michanganyiko mizito zaidi hufika nusu kwa nusu. Kilichoingia kimepashwa joto, na joto hupunguza kingamwili na laktoferini, ingawa zile sukari huvumilia. Kilichotoka ni maziwa yako mabichi.

Halafu safari yenyewe. Aina inayotumika zaidi huko husafirishwa ikiwa imeganda na huuzwa kwa hospitali, haiuzwi kwa mtu na begi lake. Barafu ikiyeyuka Doha au Dar es Salaam hakuna atakayejua, na wodi yenye akili haitamwekea mtoto kitu hicho puani. Dada yako akimwona mtu mtandaoni anauza maziwa ya mama moja kwa moja, hapo ndipo pabaya zaidi. Watafiti wa Ohio waliwahi kununua sampuli zaidi ya 100 kwa njia hiyo: nyingi zilikuwa na bakteria wa kutisha, na kama moja katika kumi ilikuwa imechanganywa maziwa ya ng'ombe.

Kwa mama mkwe. Swali lake ni la maana, na naomba msimpuuze. Mimi ni daktari, si mufti, lakini naweza kueleza kitu chenyewe kilivyo ili shehe akiulizwa ajibu kilichopo. Maziwa ya kirutubisho kile ni ya wanawake wengi, hawajulikani na familia, yamechanganywa pamoja, na mtoto huyapata kwa mpira mara nyingi kwa siku akiwa chini ya miaka 2. Wanazuoni wametofautiana. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililokutana Jeddah mwaka 1985 lilikataza kuanzisha benki za maziwa katika nchi za Kiislamu, kwa hofu hiyo hiyo ya udugu wa kunyonya usiojulikana. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti mwaka 2004 lililegeza kwa wanaoishi Ulaya wenye dharura ya njiti. Muulizeni mnayemwamini. Ila kwa hali ya binti yako swali hilo bado halijamfika, maana maziwa ni yako.

Siku moja yakikupungukia kweli, njia ni mbili. Benki ya maziwa ipo Nairobi, hospitali ya Pumwani, ilianzishwa 2019. Huko maziwa ya mchangiaji aliyepimwa hupashwa nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Tanga na Nairobi si jirani, najua. Njia ya pili ni ndugu anayenyonyesha, wifi au binamu, ambaye mama mkwe anamjua kwa jina na udugu wake utaandikwa vichwani mwa ukoo mzima. Hata huyo apimwe kwanza VVU, kaswende na homa ya ini, na wodi iamue jinsi ya kuyatayarisha. Msipenyezeane chupa dirishani.

Turudi kwako. Mililita ngapi unakamua kwa siku? Hujaniandikia, na hilo ndilo ningeuliza kabla ya kirutubisho chochote. Lengo la wiki mbili ni kukaribia mililita 500 kwa siku. Mtoto hazihitaji leo, lakini titi linaloombwa kidogo sasa litatoa kidogo mwezi ujao. Kamua mara 8 kwa siku, na walau mara moja usiku wa manane, maana homoni ya maziwa hupanda usiku. Ukimaliza mashine au mkono, malizia kwa vidole: shika nyuma ya sehemu nyeusi, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, zungusha mkono, rudia. Matone yale ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi. Uji wa pilipili manga na mtori wa mama yako vinywe, vina joto na vinashibisha, lakini titi linaloachwa limejaa ndilo linalopunguza maziwa, na hakuna uji unaoliokoa.

Wodi ikiwa haina kirutubisho cha aina yoyote, na nyingi hazina, waulize kuhusu kutenga maziwa. Yale ya dakika 2 au 3 za kwanza unayaweka kando kwenye kikombe chake, mtoto anapewa yanayofuata. Nishati hupanda kwa mafuta hayo. Protini na madini havipandi, kwa hiyo vitamini D, fosforasi na baadaye madini ya chuma wataviandika wenyewe. Wakitumia kirutubisho cha ng'ombe kwa kipimo, kubali. Waulize tu mambo mawili: kinaanza lini, na nani anakichanganya. Cha unga hakijatakaswa vijidudu kabisa, kwa hiyo kichanganywe kwa mikono safi, mlo mmoja mmoja, na kisikae juu ya meza kwenye joto la Tanga.

Matone ya bakteria wema ya dukani usinunue. Yapo yaliyofanyiwa utafiti kwa njiti, na WHO inaruhusu kuyafikiria, lakini mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya njiti kufariki kwa maambukizi ya bakteria yule yule aliyepewa. Hilo ni la daktari wa wodi na chupa anayoijua.

Na mweke kifuani. Ngozi kwa ngozi, kofia na soksi, khanga ikazwe. Utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, watoto zaidi ya 3,200 wa kilo 1 hadi 1.799, ulionyesha kuwa kuanza kangaroo, yaani kumweka hivyo kifuani, mara tu baada ya kuzaliwa kulishusha vifo vya mwezi wa kwanza kutoka asilimia 15.7 hadi 12.0. Uzito wa binti yako ulimo humo. Saa 8 kwa siku ndiyo kima cha chini, ukiweza 20 vizuri zaidi. Bibi na baba wapokezane nawe ukienda kuoga. Maziwa nayo huongezeka mtoto akilala pale.

Wakati yuko kifuani unakuwa mlinzi kuliko mashine. Tumbo likivimba na kung'aa, akitapika au mpira ukirudisha kijani, damu ikionekana kwenye nepi, akilegea, akisahau kupumua mara kwa mara, joto likipanda na kushuka: mwite nesi saa hiyo hiyo, usingoje raundi ya asubuhi. Wataweza kusimamisha maziwa, kupiga picha na kuanza dawa. Maziwa kidogo kubaki tumboni kabla ya mlo unaofuata, bila dalili hizo, si ugonjwa, na yasiwe sababu ya kumnyima mlo siku nzima. Unaruhusiwa kuuliza kwa upole, "Daktari, tumbo lake umeligusa ukalionaje?"

Dada wa Houston sasa. Anunue mashine ya umeme ya kukamulia matiti yote mawili kwa pamoja, na aongeze vikombe vya titi vya saizi mbili, kwa sababu kikibana chuchu maziwa hayatoki na utachubuka. Kabla hajalipia asome maandishi kwenye chaja: yawe yameandikwa 100–240V. Umeme wa kwao ni volti 120, wa kwetu 230, na ikiandikwa 120 peke yake itaungua siku ya kwanza ukiichomeka Tanga. Achague yenye betri pia, kwa usiku ambao umeme utakatika.